Mkalimani wa Pasta Lochakapong

Pasta Lochakapong Ewoi hakujua kukaa. Watu wa Lodwar walishamzoea: ukimkaribisha kwako na kumsogezea kiti, atashika mgongo wa kiti hicho aongee nawe amesimama mpaka chai ipoe. Siku za kazi alikuwa fundi wa pampu za visima, zile za kusukuma kwa mkono, na hiyo ni kazi ya kusimama. Jumapili alikuwa mhubiri, nayo ni kazi ya kusimama. Mkewe Abigael alipenda kusema kwamba katika ndoa yao ya miaka ishirini na sita mumewe amekaa chini mara mbili tu, siku ya harusi na siku aliyong'olewa jino.

Kwa pampu alikuwa hodari, hilo hata wasiompenda walikubali. Aliweka sikio kwenye bomba, akamwambia mtu asukume, akahesabu, halafu akasema ubovu uko futi ngapi chini kabla hajafungua hata nati moja. Sikio hilo alilitegemea kuliko macho yake, na ndilo lililomtia matatani.

Kila baada ya wiki mbili alipanda pikipiki yake akaenda Kakuma, kilomita mia na ishirini za lami na jua, kuhubiri katika kanisa la wakimbizi wa Kidinka ndani ya kambi. Mchungaji wao alikuwa amerudi Sudan Kusini, na kanisa la Lodwar likamwomba Lochakapong ashikilie nafasi hiyo kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa umefika miaka minne. Kidinka hakukijua hata salamu. Alihubiri kwa Kiswahili, na kushoto kwake alisimama Aluel, mjane auzaye chai sokoni, akitafsiri. Pasta akisema sentensi, Aluel anaisema. Pasta akiinua mkono, Aluel anainua wake. Wageni waliowaona walisema hao wawili kama wamezaliwa pamoja.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, Pasta aliingia kanisani na moyo uliovurugika. Njiani alikuwa amewapita wanawake wa Kiturkana waliobeba kuni kwenda kuziuza kambini, na mmoja wao, mzee, alikuwa na mwendo wa marehemu mama yake. Picha hiyo ilimkaa kifuani. Somo la siku lilikuwa juu ya kufanya kazi, lakini alipofungua kinywa kikatoka kitu ambacho hakuwahi kukihubiri.

Alisimulia mwaka wa tisini na mbili, yeye akiwa kijana wa miaka ishirini, walivyotoka Lowarengak kwa miguu, mbuzi wakifa mmoja mmoja. Alisimulia walivyofika barabara ya Lokichoggio wakaona malori ya chakula yakipita, turubai zimefungwa vizuri, na mama yake akainua mkono, na hakuna lililosimama. Kando ya barabara hiyo ya Lokichoggio walimzika mdogo wake. "Malori yalikuwa yanakuja kwenu," alisema, sauti ikipanda. "Sisi tulizika, nyinyi mlikula. Na mpaka leo mnakula bila kutoa jasho."

Akangoja waone haya.

Aluel alitafsiri mpaka mwisho. Halafu kikongwe mmoja wa mbele akainuka na msalaba wake mdogo wa mbao mkononi, machozi yanamtiririka, akaja akamshika Pasta mikono yote miwili na kuibusu. Ngoma ikaanza. Watu wakaimba kwa namna ambayo hawakuwahi kumwimbia. Pasta akatoka nje anatokwa na jasho, hajui ashukuru au akasirike.

Jibu lilimjia akiwa barabarani kurudi. Alikuwa ametaja Lokichoggio, kwa hesabu yake, mara tatu. Lowarengak mara moja. Jina la mahali halina tafsiri. Lokichoggio ni Lokichoggio kwa Mturkana, kwa Mdinka na kwa Mzungu. Na katika kinywa cha Aluel hakulisikia hata mara moja.

Alisimamisha pikipiki katikati ya vichaka vya miba vya mathenge akazima injini. Ndugu msomaji, kuna mtu anayeweza kujidanganya kwamba hakusikia vizuri. Pasta hakuwa mmoja wao.

Kilichomkosesha usingizi wiki hiyo hakikuwa jina la mji tu. Kulikuwa na barua. Wazee wa kanisa lile la Kakuma walikuwa wameiandikia kamati ya Lodwar wakiomba Pasta Lochakapong afanywe mwangalizi wa makanisa yote ya upande wa Kakuma, na ahamie huko moja kwa moja. Walimsifu kwa maneno yaliyomfanya aisome barua hiyo mara tano: mtu wa faraja, mchungaji anayejua machozi yetu. Kamati ilikubali. Mzee Lopeyok, mwenyekiti, angekuja mwenyewe Jumapili ya zamu ijayo kumthibitisha mbele ya watu. Miaka kumi na nane Pasta alikuwa akihubiri akiwaona wenzake wakipandishwa, na sasa zamu yake imefika. Hata sahihi ya mwangalizi alikuwa ameifanyia mazoezi nyuma ya kitabu cha vipuri.

Mtu wa faraja. Yeye alikumbuka vizuri aliyoyahubiri miaka minne, na katika kumbukumbu hizo faraja haikuwa nyingi. Basi barua ile ilimsifu nani?

Huko Lodwar alizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alifungua pampu nzima uani akaifunga tena. Alianza kufagia, akaacha fagio katikati ya uwanja, akaenda kuangalia mafuta ya pikipiki aliyoyaangalia asubuhi.

"Baba Nakal," Abigael akamwita kutoka jikoni, "hiyo pikipiki itachoka kuangaliwa."

"Mkalimani anaharibu mahubiri yangu."

"Yule mama? Watu walikuwa wanaimba, umeniambia mwenyewe."

"Ndiyo. Wanaimba nini?"

Abigael akarudi kwenye sufuria. Pasta akachukua simu akampigia Arop, mwalimu wa shule ya msingi kambini, Mdinka aliyekinyoosha Kiswahili vizuri na aliyependa kuonekana. Akamwuliza kama anaweza kutafsiri Jumapili ya wageni. Arop alikubali kabla swali halijaisha. Pasta alipokata simu alijisikia nafuu kwa muda wa kama dakika kumi.

Alhamisi ya wiki ya pili alikuwa na kazi ya pampu karibu na Kakuma. Aliamua apitie kwanza kwa Aluel, amwambie uso kwa uso kwamba kazi yake imekwisha. Njia nzima alitunga maneno. Alitunga makali, akayafuta, akatunga mengine makali zaidi.

Kibanda cha Aluel kilikuwa na benchi moja, majiko mawili ya makaa na birika kubwa jeusi. Wateja wa asubuhi walikuwa wameshaondoka. Alipomwona Pasta alifuta mikono kwa kanga, akapindua mtungi wa plastiki akamsogezea.

"Karibu, Pasta. Kaa."

"Nitasimama."

"Najua utasimama," Aluel akasema, akammiminia chai hata hivyo.

Maneno yote aliyoyatunga njiani yalimpotea. Akabaki na hesabu. "Jumapili ile nilisema Lokichoggio mara tatu. Wewe ulisema mara ngapi?"

Aluel aliweka birika chini taratibu. "Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, Pasta. Na mimi nilikuwa nangoja utaniuliza. Miaka minne nangoja."

Pasta alishika nguzo ya kibanda. "Basi ulisema nini?"

"Nilisema mama ya Pasta alitembea na njaa. Aliinua mkono, magari ikapita. Alizika mtoto kando ya barabara. Nikasema Pasta anajua barabara yetu, kwa sababu hata yeye alipita hiyo. Basi. Wale wamama wote walizika mtoto njia, Pasta. Hakuna hapo mwenye hakuzika. Ndio maana walikuja kushika mkono yako."

"Na mengine?"

"Ya kula? Ya jasho? Hiyo miiba niliacha."

"Nani alikupa ruhusa ya kuchuja neno la Mungu?" Sauti ilimtoka kubwa, mwenye duka la jirani akageuka kutazama.

"Neno ya Mungu sijachuja hata siku moja," Aluel akasema. Hakupandisha sauti, na hakuinamisha macho. "Nachuja yako."

Pasta alitaka kuondoka hapo hapo, lakini miguu iliyozoea kutangatanga ikagoma.

"Hiyo mara ya kwanza ulikuja," Aluel akaendelea, "nilitafsiri yote. Ulisema Mungu hafukuzi mtu kwa nyumba yake bila sababu, kila mtu ajiulize alifanya nini. Mimi nikasema vile vile, moja moja, sababu nilikuwa naogopa wewe. Adut, bibi ya Mzee Atem, yule mzee wa kanisa, alikuwa amekaa mbele. Vita ilikula watoto yake tatu. Alisimama, akakunja mkeka yake, akaenda. Hakurudi tena. Wewe uliniuliza yule mama wa mbele yuko wapi, nikakwambia ni mgonjwa. Nilidanganya. Halafu akakuwa mgonjwa kweli, akakufa. Ukakuja kuzika. Ukaongea nusu saa juu ya watu wenye wanaacha kanisa."

Pasta aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka hata kwamba alirudi Lodwar ameridhika na jinsi alivyosema.

"Hiyo pia sikutafsiri," Aluel akasema. "Mzee Atem alikuwa hapo kwa kaburi anakuangalia. Ningesema aje?"

Chai ilikuwa imetoa utando juu. Aluel akasukuma kikombe kidogo upande wa Pasta.

"Sisemi wewe ni mbaya. Ukiombea mgonjwa unaomba na roho yote. Pampu yetu ulitengeneza, hukuomba kitu. Lakini uko na hasira ya zamani, Pasta. Kila Jumapili unapanda nayo hapo mbele, unaita hiyo hasira mahubiri. Nilitaka kukuambia, lakini wewe hukai. Mtu mwenye hakai, utamwambia saa ngapi?"

Kama angepigwa kofi angejua la kufanya. Alisema, "Jumapili Arop atatafsiri," akatoka. Chai aliiacha bila kuionja, na hilo kwa Mturkana au kwa Mdinka ni tusi.

Kisima chenyewe kilikuwa nje kidogo ya kambi, kwenye manyatta ya Waturkana, na wanawake walikuwa wamepanga mitungi tangu alfajiri. "Ejok," walimsalimu. "Ejok," akajibu, tayari ameinamia kazi. Alifungua kichwa cha pampu, akaanza kuvuta mabomba juu, moja moja. Mikono ilikuwa inafanya kazi, kichwa kilikuwa kinajibizana na Aluel. Nachuja yako. Mwanamke wa kuuza chai! Na yeye akasimama pale akimsikiliza kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Hasira gani? Ile haikuwa hasira, ilikuwa kweli. Malori yalipita au hayakupita?

Bomba likamponyoka. Alikuwa amesahau kulibana kabla ya kufungua la juu yake, kosa ambalo hufanywa na mtu wa wiki ya kwanza ya kazi. Lilishuka kwa kishindo na vyote vilivyokuwa chini yake, likanyamaza huko chini.

Wanawake wakasogea kuchungulia shimo. Halafu mmoja wao, Nakuleu, aliyekuwa mkubwa wao, akasema kwa Kiturkana, bila ukali, "Fundi, leo mikono yako iko wapi?"

"Nisameheni, akina mama," akasema. "Kosa ni langu. Nilikuwa nafikiria mambo mengine."

"Basi vua," Nakuleu akasema, na wengine wakacheka kidogo, wakakaa kivulini kungoja.

Alivua kwa ndoano na kamba mpaka saa tisa alasiri. Jua likimchoma shingo, alianza kuyasikia yale maneno yake mwenyewe. Kosa ni langu. Yalikuwa yametoka rahisi sana, na Nakuleu hakumdharau, wala kisima hakikuacha kuwa kisima. Kwa bomba la chuma aliomba radhi papo hapo. Kwa Adut, ambaye alimzika bila hata kulishika jina lake, alisema atamleta Arop.

Alipofika nyumbani Lodwar jua lilikuwa linatua. Abigael alikuwa akipiga pasi shati jeupe la Jumapili, maana naye angesafiri na wageni kwenda kushuhudia mumewe akithibitishwa. Alikuwa amekwisha hata kuulizia bei ya nyumba Kakuma.

Pasta alizunguka meza mara mbili. "Mama Nakal, mimi huhubiri kwa hasira?"

Pasi ikasimama. "Unauliza leo?"

"Nauliza."

"Mimi hukaa nyuma," Abigael akasema. "Unafikiri ni kwa nini mke wa pasta hukaa nyuma?"

Abigael akaweka pasi wima, akalitazama shati kana kwamba ndilo analoliambia. "Mama yako alipokufa hukulia. Watu wote walilia, hata Aukot kaka yako, na yule hana machozi. Wewe ulienda mjini ukanunua kipaza sauti. Nilijua hapo kwamba watu wa Mungu watakiona cha moto."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili. Ulikuwa unaangalia mafuta ya pikipiki."

Ijumaa na Jumamosi alizimaliza akitembea. Alienda mtoni Turkwel akarudi. Alifikiria kumwambia Lopeyok aahirishe, akitoa sababu ya afya. Alifikiria pia kunyamaza, na hii ndiyo iliyokuwa njia nyepesi kuliko zote: Arop angetafsiri, yeye angehubiri jambo la upole, Lopeyok angesoma karatasi yake, na angeanza upya kama mwangalizi, akiwa mpole tangu siku hiyo. Nani angeumia? Kila alipofika hapo kwenye fikra zake alimwona Aluel akisukuma kile kikombe cha chai, na miguu ikaanza tena kutembea.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Mzee Lopeyok na wajumbe wawili walikuwa mbele kwenye viti vya plastiki, wamechemka ndani ya makoti. Wanawake walikuwa kwenye mikeka, misalaba mikononi. Arop alikuwa ameshasimama kushoto, shati limenyooka, anasafisha koo. Aluel alikuwa amekaa chini katikati ya wanawake, upande wa ukuta, kama mtu ambaye hajawahi kusimama mbele.

Pasta alishika meza ya mbele kwa mikono miwili.

"Mwalimu Arop, asante," akasema. "Leo kaa tu. Aluel, njoo."

Arop alikaa, uso umemshuka. Aluel alikuja polepole, akasimama mahali pake pa siku zote.

"Leo sema kila kitu kama ninavyosema," Pasta akamwambia kwa sauti ya chini. "Usiongeze, usipunguze."

"Pasta, watajua hata mimi nilibadilisha."

"Nitaanza na hilo."

Akawageukia watu. "Aluel hajawaibia kitu. Miaka minne amewakinga na mimi. Kama kuna mwenye kosa hapa, ni mimi."

Aluel alisita, midomo imefunguka. Kisha akasema. Pasta alisikia jina la Aluel likipita katika Kidinka, likitajwa na mwenyewe, na watu wakatazamana.

Akaendelea. Aliyasema yote, Jumapili kwa Jumapili, kadiri alivyoyakumbuka: kwamba aliwaita wavivu; kwamba alisema wamejifunza kunyoosha mkono tu; kwamba alisema waliokula ni wao huku Waturkana wakizika barabara ya Lokichoggio. Safari hii Lokichoggio likavuka. Alisema kwamba malori yalipita kweli, na mdogo wake alikufa kweli, lakini waliokuwa kwenye malori hawakuwa hawa, na yeye alikuwa amewatoza hawa. Vikongwe ambao hawakujua Kiswahili waliacha kujipepea. Yule aliyembusu mikono aliinamisha kichwa.

Mzee Lopeyok akakohoa. "Pasta, mambo haya tungeyaongea kwenye kikao."

Mlango wa kutorokea ulikuwa umefunguliwa, na Pasta angeweza kupita hapo kwa heshima zake zote. "Kikao ni hiki, Mzee," akasema. "Hawa ndio niliowakosea."

Lopeyok alikunja karatasi yake ya uthibitisho, akairudisha ndani ya koti. Pasta aliiona ikiingia. Ilimuuma, na hakujifanya haikumuuma.

Ndipo Mzee Atem akainuka. Alikuwa mrefu, amekonda, na fimbo mkononi, mzee wa kanisa aliyekuwa akisema na Pasta kupitia kwa Aluel siku zote. Aluel alimgeukia ili amtafsirie. Atem akamwashiria aache.

"Mimi nasikia Kiswahili," akasema. "Tangu mwaka ya tisini na nne nasikia."

Pasta aliachia meza aliyokuwa ameishika.

"Wengi hapa tunasikia. Si wale wamama wazee, lakini sisi wengine tunasikia. Miaka minne tunasikia mbili. Yako, halafu ya Aluel. Yako nilikuwa naacha hapo kwa mlango. Ya Aluel nilikuwa napeleka kwa kaburi ya bibi yangu, namwambia, Pasta leo amesema hivi."



"Hata ile siku ya kuzika ulisikia?" Pasta akauliza.

"Nilisikia."

"Basi mbona mliandika ile barua?"

"Barua niliandika mimi," Atem akasema. "Wewe unakuja, unaongea, unapanda pikipiki. Nilisema huyu mtu akae hapa, tuishi na yeye, siku moja atasikia." Akaegemea fimbo yake. "Siku imefika mbele ya barua kufanya kazi. Sasa nataka kitu moja tu. Hiyo neno ulisema mara ya kwanza, ya Mungu kufukuza mtu. Bibi yangu alikufa nayo. Itoe."

Kuna maombi ambayo Pasta alikuwa ameyajua kwa moyo tangu ujana, na yote yakamkimbia. Akamwangalia Aluel. Aluel alikuwa tayari, mikono imeshuka kando.

"Mungu hakumfukuza Adut," Pasta akasema. "Nilisema uongo juu yake. Adut hakuwa na kosa."

Aluel akatafsiri. Haikuwa ndefu kuliko yake wala fupi. Mara mbili, katikati ya maneno ambayo Pasta hakuyajua, alilisikia jina hilo likipita wazi: Adut. Wanawake wakalirudia kwa sauti ya chini, mkeka kwa mkeka, mpaka likafika mlangoni. Mzee Atem alifumba macho, na Pasta akaanza kulia mbele ya watu, bila kujifunika uso.

Ilipotulia, Atem alinyoosha fimbo yake kuelekea mbele, penye mikeka. Palikuwa na nafasi tupu ya mtu mmoja, na Pasta akatambua kwamba kwa miaka minne alikuwa akiitazama kila Jumapili bila kujiuliza mbona haikaliwi.

"Kaa hapo," Atem akasema. "Leo Aluel ataongea. Wewe usikie."

"Sitaelewa, Mzee."

"Kaa."

Aluel alikuwa ameshaanza, peke yake, kwa Kidinka, na Arop hakujitolea kumtafsiria mtu. Nyuma kabisa, karibu na mlango, Abigael aliinuka kwa magoti ili aone vizuri. Mumewe alikunja miguu, akashika ardhi kwa mkono mmoja, akashuka akakaa kwenye ile nafasi. Ikawa mara ya tatu.